Laini mbili, ruta moja: kugawa mzigo wa intaneti katika ofisi ya Lubumbashi

"Fundi, mimi nalipia laini mbili kila mwezi, mbona faili moja inashuka kwa mwendo uleule wa zamani?" Swali hili niliulizwa na mama mmoja mwenye ofisi ya uwakala wa forodha katika komuni ya Kampemba, hapa Lubumbashi, siku ya tatu tangu nimfungie ruta mpya, na nimeliweka hapa mwanzoni kwa sababu limebeba kosa ambalo karibu kila mteja huja nalo. Mtu ana laini ya faiba ya megabiti 20 kwa sekunde, anaongeza laini ya 4G ya megabiti 10, kisha anatarajia kuwa na bomba moja la megabiti 30. Hapati bomba moja. Anachopata ni njia mbili zinazotoka uani kwake kuelekea mjini, ambapo kila msafiri huchagua njia moja na kubaki nayo mpaka afike. Msafiri mmoja hawezi kutembea katika njia zote mbili kwa wakati mmoja, lakini wasafiri 40 wanaweza kugawanyika, na hapo ndipo msongamano unapopungua.

Sababu yake iko katika namna muunganisho unavyotambuliwa. Mazungumzo kati ya kompyuta yako na seva fulani (kompyuta ya mbali inayotoa huduma) hujulikana kwa mambo matano: anwani ya IP ya anayetuma, anwani ya IP ya anayepokea, namba ya poti ya upande huu, namba ya poti ya upande ule, na itifaki inayotumika. Kila mtoa huduma amekupa anwani yake ya kutokea. Data husafiri kwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Ruta ikipeleka pakiti ya kwanza kwenye faiba na ya pili kwenye 4G, seva itaona pakiti ya pili inatoka kwa mtu isiyemjua na itaitupa. Ndiyo maana kazi ya kugawa mzigo hufanywa kwa muunganisho mzima na si kwa pakiti mojamoja: ruta huamua laini pale muunganisho unapoanza, na uamuzi huo haubadiliki hadi mwisho. Faili moja kubwa inayoshushwa kwa muunganisho mmoja itakwenda kwa kasi ya laini moja tu. Ofisi ya watu 14, ambao vivinjari vyao hufungua miunganisho kwa makumi, ndiyo itakayoona jumla ya kasi ikikaribia 30.

Mama yule aliponielewa alisema, "Kwa hiyo nimenunua njia, sikununua mwendo." Sijapata maneno mafupi zaidi ya hayo, na tangu siku ile nayatumia kwa wateja wengine.

Kabla ya kulipia laini ya pili

Watu wengi huuliza kwanza ruta ipi wanunue. Mimi huanza na mtaro. Ofisi hiyohiyo ya Kampemba, kabla sijafika, ilikuwa tayari na laini mbili za faiba kutoka kampuni mbili tofauti, ankara mbili, vibandiko viwili ukutani, na kila mtu aliamini kwamba moja ikifa nyingine itabaki. Asubuhi moja mashine ya kuchimba barabara ilipita mita 300 kutoka pale, na zote mbili zikafa kwa dakika ileile. Nilipofuata waya kwa miguu niligundua kwamba kampuni hizo mbili zilikuwa zimelaza nyuzi zao katika mtaro mmoja, bomba la moja likiwa juu ya bomba la nyingine. Laini mbili zinazovuka daraja moja ni laini moja iliyolipiwa mara mbili. Kwa hiyo tembea. Toka na fundi wa kampuni siku anapokuja kupima, muulize waya unapita upande gani wa barabara, unapanda nguzo zipi, unaishia kwenye kabati lipi. Kisha fanya vivyo hivyo kwa kampuni ya pili. Ikiwa zote zinapita mahali pamoja, badilisha aina ya laini: chukua moja ya faiba na nyingine ya hewani, iwe 4G, antena ya kuelekezana na mnara, au setilaiti.

Laini za hewani nazo zina visa vyake. Niliwahi kufunga antena ya kuelekezana mwezi wa Septemba, wakati mijakaranda imepukutisha majani na kubaki na maua, na ishara ilikuwa safi kabisa. Mwezi wa Novemba mvua zilikuwa zimeanza, majani yamerudi, na laini ile ikawa inadondoka kila upepo unapovuma. Ukitazama antena ya mnara kupitia matawi matupu, jiulize matawi hayo yatakuwaje mwezi wa Januari.

Kuna pia daraja la mbali zaidi, ambalo huwezi kulifikia kwa miguu. Lubumbashi ina bahati ya kuwa na pande mbili za kutokea. Upande wa kusini nyuzi za faiba huvuka mpaka wa Kasumbalesa na kuingia Zambia, ambako zinakutana na njia zinazoelekea Afrika Kusini na pwani ya bahari ya Hindi. Upande wa magharibi safari hupitia Kinshasa hadi Muanda, kwenye bahari ya Atlantiki, ambako kebo ya chini ya bahari ya WACS ilianza kuhudumia nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 2013. Kila upande umewahi kupatwa na siku yake. Agosti 2023 maporomoko ya chini ya maji katika korongo la mto Kongo yalikata WACS pamoja na kebo nyingine, SAT-3. Mei 2024 ikawa zamu ya bahari ya Hindi, pale kebo za EASSy na Seacom zilipokatika. Mwenye laini mbili zinazotokea upande mmoja aliumia mara moja kwa zote mbili. Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba, omba kujaribu laini kwa mteja mwingine wa kampuni hiyo, fungua dirisha la amri katika Windows, andika tracert na anwani ya seva fulani ya nje, kisha soma vituo ambavyo pakiti zimepitia. Majina ya vituo mara nyingi hubeba vifupisho vya miji, kama jnb kwa Johannesburg au lun kwa Lusaka, na hayo yanatosha kukuonyesha kama safari ilikwenda kusini au magharibi.

Kuhusu setilaiti, tangu mamlaka ya udhibiti, ARPTC, ilipoipa Starlink leseni Mei 2025, wateja wengi wananiuliza kama inafaa kuwa laini ya pili. Inafaa, kwa sababu haipiti kwenye mtaro wa mtu yeyote hapa mtaani. Kumbuka tu kwamba kwa kawaida utapewa anwani inayoshirikiwa na wateja wengi, hivyo kamera zako hazitafikika moja kwa moja kutoka nje kupitia laini hiyo.

Pima kwanza, usiamini ankara

Ankara inaandika kasi ya juu kabisa. Ruta inahitaji kujua kasi ya kweli. Unganisha kompyuta moja kwa waya kwenye modemu ya laini moja, zima Wi-Fi, na pima mara tatu kwa siku: saa nne asubuhi, saa tisa alasiri, na saa mbili usiku. Fanya hivyo kwa siku nne au tano, ikiwemo siku moja ya mvua, na uandike daftarini kasi ya kushusha, kasi ya kupandisha, na muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde. Kisha rudia kwa laini ya pili. Usichukue wastani. Chukua namba ya chini inayojirudia, kwa maana mgawanyo utakaouweka lazima uendane na saa mbaya, si saa nzuri. Katika ofisi ya Kampemba faiba mpya ya megabiti 20 ilitoa 18 bila kuyumba, na 4G iliyoandikwa 10 ilishuka hadi 6 kila alasiri. Uwiano wake basi ni tatu kwa moja, na namba hizo ndizo nitakazotumia katika mfano ulio hapa chini.

Kugawa au kuweka akiba?

Hapa nitasema wazi msimamo wangu, ingawa mafundi wenzangu wengine hawakubaliani nao. Ofisi yenye watu chini ya kumi, yenye laini moja nzuri na nyingine dhaifu, haihitaji kugawa mzigo. Inahitaji akiba: kila kitu kinapita kwenye laini nzuri, na ile dhaifu inaingia kazini pale tu nzuri inapokufa. Mpangilio wa akiba una sehemu chache za kuharibika, na hauleti matatizo ya tovuti za benki ambayo nitayaeleza. Tena, kama laini ya pili inauzwa kwa mega, kuigawia mzigo ni kuchoma pesa, kwani kompyuta moja ikiamua kushusha masasisho ya Windows kupitia laini hiyo, mega za mwezi mzima zitaisha kabla ya chakula cha mchana. Kugawa kunalipa pale ambapo watu ni wengi, laini zote mbili hazina kikomo cha mega, na kasi zake hazipishani kupita kiasi. Mara tatu au nne ndio mwisho wangu.

Kuifunga ruta

Nitaeleza kwa kutumia ruta ya MikroTik yenye RouterOS (programu inayoiendesha) toleo la 7, kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi hapa mjini na ndiyo ninayoifunga. Mwenye OpenWrt, programu nyingine ya ruta, atapata kazi hiyohiyo katika kifurushi cha mwan3, na mwenye pfSense ataipata katika makundi ya malango; mantiki ni ileile, majina tu ndiyo yanayobadilika.

Anza na rangi. Funga utepe wa buluu kwenye waya wa faiba, pande zote mbili za waya na kwenye modemu yenyewe, na utepe mwekundu kwenye waya wa 4G. Tumia rangi hizohizo kama majina ndani ya ruta. Mtu atakapokupigia simu saa moja usiku akiwa mbele ya kabati lenye giza, utashukuru kwamba unaweza kumwambia "chomoa nyekundu" badala ya kumfundisha maana ya ether2, jina la mlango wa ruta.

Jambo la pili ni anwani za ndani za modemu. Modemu nyingi za faiba za Huawei huja na anwani 192.168.100.1, na sahani ya Starlink nayo hujibu kwa 192.168.100.1, modemu nyingi za 4G za Huawei huja na 192.168.8.1. Laini zako mbili zikiwa na mtandao wa ndani unaofanana, ruta haitajua anayeitwa 192.168.100.1 ni yupi, na utapoteza siku nzima ukitafuta kosa mahali ambapo halipo. Badilisha anwani ya modemu moja kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Mtandao wa ofisi nao uupe namba zake tofauti na hizo zote. Mimi hutumia 192.168.10.0/24.

Sasa tuje kwenye afya ya laini, na hapa nakuomba usome polepole, maana ndipo mipangilio mingi ninayoitwa kuitengeneza ilipokosewa. Ruta ikiambiwa ichunguze lango la laini, itaiuliza modemu iliyo mezani, sentimita 50 kutoka ilipo. Modemu itajibu "nipo" hata kama waya wa nje umekatwa tangu jana, na ruta itaendelea kumimina nusu ya kazi za ofisi kwenye shimo. Lazima swali lipite modemu na kufika mbali, kwa seva ya nje ambayo haizimwi. Hilo hufanyika kwa kuiambia ruta kwamba seva fulani inafikika kupitia laini moja tu, kisha kuifanya seva hiyo kuwa kipimo cha laini:

/routing table add name=njia-buluu fib
/routing table add name=njia-nyekundu fib
/ip route add dst-address=8.8.4.4/32 gateway=192.168.100.1 scope=10
/ip route add dst-address=1.0.0.1/32 gateway=192.168.8.1 scope=10
/ip route add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=8.8.4.4 target-scope=11 check-gateway=ping distance=1 routing-table=njia-buluu
/ip route add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=1.0.0.1 target-scope=11 check-gateway=ping distance=2 routing-table=njia-buluu

Mistari miwili ya mwisho inasema kwamba jedwali la buluu, yaani orodha yake ya njia, linapita faiba, na faiba ikifa linapita 4G. Andika mistari miwili mingine ya jedwali la nyekundu kwa kinyume chake, na mingine miwili ya jedwali kuu, ambalo ndilo litumiwalo na ruta yenyewe. Ruta huuliza kila sekunde 10, na ikikosa majibu mawili mfululizo huitangaza laini kuwa imekufa, hivyo tarajia kimya cha karibu nusu dakika kabla ya kazi kuhamia upande wa pili.

Angalia kwamba nimetumia 8.8.4.4 na 1.0.0.1, anwani za seva za umma za Google na Cloudflare, kama vipimo. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Anwani iliyofungwa kwenye laini moja inaweza isifikike laini hiyo inapokufa, kwa hiyo ukiitumia anwani hiyohiyo kama seva ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) ya kompyuta za ofisi, siku faiba itakapokatika huenda majina ya tovuti yasipatikane na watu watasema intaneti yote imekufa, ingawa 4G inafanya kazi vizuri. Wape watu 8.8.8.8 na 1.1.1.1 kwa ajili ya DNS, na vipimo viachwe na kazi yao. Usitumie pia seva za DNS za mtoa huduma mmoja, kwani nyingi hukataa kumjibu mtu anayeuliza kutoka mtandao wa kampuni nyingine.

Baada ya hapo ndipo mzigo unagawanywa. Ruta huweka alama kwenye kila muunganisho mpya, kisha hutazama alama hiyo kuchagua jedwali:

/ip firewall mangle
add chain=prerouting in-interface=ofisi dst-address-type=!local connection-mark=no-mark per-connection-classifier=both-addresses:4/0 action=mark-connection new-connection-mark=k-nyekundu
add chain=prerouting in-interface=ofisi dst-address-type=!local connection-mark=no-mark per-connection-classifier=both-addresses:4/1 action=mark-connection new-connection-mark=k-buluu
add chain=prerouting in-interface=ofisi connection-mark=k-buluu action=mark-routing new-routing-mark=njia-buluu
add chain=prerouting in-interface=ofisi connection-mark=k-nyekundu action=mark-routing new-routing-mark=njia-nyekundu

Mstari wenye 4/1 urudie kwa 4/2 na 4/3, zote zikipewa k-buluu, na uiweke mistari hiyo kabla ya ile miwili ya mark-routing. Hesabu yake ni nyepesi: ruta inachukua anwani ya kompyuta na anwani ya seva, inazigeuza kuwa namba moja, inaigawanya kwa 4 na kutazama baki. Baki ikiwa 0, muunganisho unakwenda nyekundu. Ikiwa 1, 2 au 3, unakwenda buluu. Huo ndio uwiano wetu wa tatu kwa moja. Ungekuwa na laini za 12 na 8, ungegawanya kwa 5 na kutoa baki tatu kwa moja na mbili kwa nyingine.

Ofisi ipi ichanganye nini katika hesabu hiyo ni suala la kuamua, na si la kunakili. Ukiongeza namba za poti kwenye hesabu, mgawanyo unakuwa sawasawa zaidi, lakini kompyuta moja inaweza kuonekana na seva moja kwa anwani mbili tofauti ndani ya dakika moja, na tovuti nyingi za benki huchukulia jambo hilo kuwa wizi na kumtoa mtu nje. Ukitumia anwani zote mbili kama nilivyofanya hapo juu, kompyuta huendelea kutumia laini moja kwa seva moja, na hilo linatosha kwa kazi nyingi. Halitoshi kwa tovuti ambazo ukurasa wa kuingilia uko kwenye seva moja na kazi yenyewe iko kwenye nyingine. Kwa kompyuta za uhasibu, na zile zinazojaza matamko ya forodha, mimi siziingizi kabisa kwenye bahati nasibu hii: naandika mstari mmoja juu ya yote unaozifunga kwenye buluu, na zinahamia nyekundu pale tu buluu inapokufa. Mhasibu wa Kampemba alikuwa ametolewa nje ya tovuti ya benki mara nne asubuhi moja kabla sijaandika mstari huo. Alinitazama kwa jicho ambalo bado nalikumbuka.

Yamebaki mambo mawili madogo yanayosahaulika. Kwanza, kila laini lazima iwe na sheria yake ya masquerade, inayoficha anwani za ndani nyuma ya anwani ya laini, vinginevyo kompyuta zitatoka na anwani za ndani na hakuna atakayezijibu. Pili, zima fasttrack kwenye ukuta wa moto, au uiruhusu tu kwa miunganisho isiyo na alama. Fasttrack huzipitisha pakiti haraka kwa kuziruka sheria za alama, na matokeo yake ni kwamba pakiti ya kwanza inakwenda nyekundu na zinazofuata zinakwenda buluu. Ukurasa unaanza kufunguka, kisha unaganda. Fundi akiniambia kwamba kila kitu kiko sawa ila kurasa zinafunguka nusu, hapo ndipo ninapotazama kabla ya pengine popote.

Kufa kwa laini na miunganisho iliyobaki

Laini inapokufa, miunganisho iliyokuwa ikiitumia hufa nayo. Haihamishiki, kwa kuwa seva ya upande wa pili inaijua kwa anwani ya zamani. Kivinjari hufungua mipya na mtu haoni zaidi ya kusita kidogo. Simu za WhatsApp hukatika au kukwama, kisha nyingi hurudi zenyewe. Kinachosumbua ni simu za mezani za mtandao, ambazo hutuma ujumbe mdogo kwa seva yake kila baada ya sekunde chache: ujumbe huo huzuia muunganisho wa zamani kuzeeka ndani ya kumbukumbu ya ruta, na ruta inaendelea kuupa anwani ya laini iliyokufa, hata baada ya saa nzima. Dawa yake ni kuiagiza ruta, kwa skripti fupi inayoamshwa na Netwatch (mlinzi wa laini aliye ndani ya RouterOS), ifute kwenye orodha ya miunganisho yote yenye alama ya laini iliyokufa. Fanya hivyo pia laini inaporudi.

Kama unahitaji kweli kwamba mazungumzo yasikatike kabisa, au kwamba faili moja itumie laini zote mbili, basi kazi hii ya kugawa siyo unayoitafuta. Utahitaji kukodi seva kwenye kituo cha data na kuziunganisha laini mbili kuwa handaki moja hadi pale, ambako zitatokea kwa anwani moja. Inawezekana, lakini kila pakiti italazimika kuzunguka hadi kwenye seva hiyo, pengine Johannesburg, kabla ya kwenda inakotakiwa. Taasisi kubwa hupata anwani zake zenyewe kutoka AFRINIC, shirika linalogawa anwani za IP Afrika, na kuzitangaza kwa watoa huduma wote wawili, na hiyo ni kazi ya aina nyingine kabisa.

Umeme

Laini mbili zenye betri moja iliyokufa ni sifuri. Modemu mbili, ruta na swichi ya mtandao kwa pamoja hula umeme kidogo sana kuliko kompyuta moja ya mezani, kwa hiyo zipe betri yake zenyewe, na usiruhusu mtu kuchomeka printa hapo. Siku za mgao wa umeme andika saa ambapo kila laini inakufa baada ya umeme kukatika. Utagundua kwamba moja inadumu zaidi ya nyingine, kwa sababu vifaa vya mtoa huduma vilivyoko mtaani navyo vina betri zake na zinaisha kwa saa yake. Msimu wa mvua, radi za hapa hazina huruma: antena ya juu ya paa iwe na waya wa ardhini na kizuia radi kabla waya haujaingia ndani, la sivyo radi itaingia kupitia laini moja na kuua ruta, na ruta ikifa laini zote mbili zimekufa.

Kujaribu

Mafundi wengi hujaribu kwa kuchomoa waya kati ya modemu na ruta, wanaona kazi imehamia upande wa pili, na wanaondoka. Wamejaribu ajali isiyotokea. Waya ule wa sentimita 50 haukatiki. Kinachokatika kiko nje. Acha modemu ikiwaka na waya wake ukiwa mahali pake, chomoa uzi wa faiba nyuma ya modemu, au toa kadi ya SIM kwenye modemu ya 4G, kisha hesabu sekunde mpaka kompyuta ya ofisi ipate ukurasa tena. Fanya hivyo saa za kazi, watu wakiwa wameonywa, kwani mtandao mtupu hautakuonyesha lolote. Rudisha uzi, subiri dakika mbili, na utazame kama miunganisho mipya inarudi kwa uwiano ule wa tatu kwa moja. Kipimo cha mwendo kwenye kila mlango wa ruta kitakuonyesha.

Kuna ajali moja ambayo mpangilio mzuri huizaa wenyewe. Miezi mitatu baada ya kazi ile ya Kampemba nilipita kumsalimia mama, nikatazama ruta, nikakuta nyekundu imekufa kwa siku 19. Hakuna aliyejua. Buluu ilikuwa imebeba kila kitu kimyakimya, watu waliona tu kwamba alasiri mambo yanakuwa mazito, na mama alikuwa amelipia mwezi mzima laini isiyotoa hata pakiti moja. Modemu ilikuwa imeganda, na ilihitaji kuzimwa na kuwashwa. Tangu hapo sifungi ruta bila Netwatch inayotuma ujumbe kwenye simu ya mwenye ofisi na kwenye yangu kila laini inapokufa na kila inaporudi, ujumbe ukiwa na rangi na saa. Mama huujibu kabla yangu. Mara ya mwisho aliniandikia, "Nyekundu imelala, nimeshaiamsha," na sikulazimika kuvuka mji.